MGB na springi zilizoinuliwa na Wamarekani

Ukichungulia chini ya MGB, gari la michezo la Uingereza, kwa nyuma unaweza kudhani umejikuta chini ya lori la mchanga. Zipo springi mbili za bapa, vyuma virefu vilivyopinda na kupangwa kimoja juu ya kingine, vimebanwa kwenye ekseli kwa yubolti. Ni chuma kilekile ambacho wahunzi wetu, kikichakaa, hukifua kuwa panga. Mwingereza Obadiah Elliott alipata hataza ya springi za aina hii mwaka 1804, enzi za magari ya kukokotwa na farasi.

Gari la michezo lilizifuatia nini? MGB ilizinduliwa London mwaka 1962, ikiundwa katika mji mdogo wa Abingdon. Mhandisi wake mkuu, Syd Enever, na wenzake walianza kwa kujaribu springi za koili nyuma, kisha wakarudi kwenye bapa. Mimi siwalaumu. Koili hubeba uzito tu. Ekseli lazima ishikwe na vyuma vingine isiyumbe. Bapa hubeba na kushika kwa pamoja, na bei yake ni nafuu. Hasara yake huonekana ukikanyaga mafuta kwa nguvu: springi hujipinda kama herufi S, na zikiwa zimechoka, mkia wa gari hutaka kwenda njia yake.

Kwa miaka kumi na miwili hakukuwa na ugomvi mkubwa. Ugomvi ulitoka Marekani, soko kubwa la gari hili, ambako sheria mpya zilidai bampa zinazohimili kugongwa, pamoja na taa zilizo juu zaidi ya zile za MGB. Kuusanifu upya uso wa gari kulihitaji pesa, na British Leyland, iliyokuwa ikimiliki MG, kampuni ya gari hili, ilikuwa hoi kiasi kwamba serikali ya Uingereza iliichukua mwaka 1975. Kwa hiyo mwishoni mwa 1974 walichagua njia ya mkato: bampa nene nyeusi, na gari zima kuinuliwa kati ya inchi moja na moja na nusu. Nyuma, kazi hiyo ilifanywa na springi zenye mpindo mkubwa zaidi. Juu ya hayo, kwa modeli za 1975 ile fimbo ya mbele inayozuia gari kulala kwenye kona iliondolewa ili kubana matumizi. Gari lililosifiwa kwa kushika barabara likaanza kuyumba. Marekebisho ya modeli za 1977 yaliponya sehemu ya maradhi hayo, lakini kimo kile kilibaki hadi kiwanda cha Abingdon kilipofungwa mwaka 1980, baada ya MGB zaidi ya 500,000.

Ndiyo maana leo mwenye MGB ya bampa nyeusi anapobadilisha springi za nyuma, mara nyingi huomba zile zenye mpindo mdogo za kuirudisha chini. Kazi yenyewe haina siri. Bodi hukalishwa kwenye stendi na ekseli hushikiliwa kwa jeki. Yubolti hufunguliwa, kisha pini za nyuma. Fundi huja kutoa jasho kwenye bolti ya mbele, ambayo baada ya miaka hamsini ya mvua ya Uingereza huwa imegandana kwa kutu na bomba la ndani la bushi yake. Nyundo ikishindwa, huletwa msumeno. Springi hubadilishwa zote mbili, la sivyo gari litainama upande mmoja. Bolti ya mbele haikazwi hadi magurudumu yakanyage chini. Ukiikaza gari likiwa linaning'inia, raba ya bushi itabaki imejisokota na kupasuka mapema.

Halafu mwenye gari hurudi nyuma hatua tatu, hutazama, na kununa: mkia uko juu kuliko ulivyokuwa. Springi mpya huchukua muda kukaa sawa. Fundi humwambia akaliendeshe kwanza.