Matone ya Mvumi

Kabla chanjo haijaenea, kuna nyumba ambazo surua haikuondoka mikono mitupu. Iliondoka na mtoto, au ilimwacha mtoto ikaondoka na macho yake.

Allen Foster, daktari wa macho katika hospitali ya misheni ya Mvumi, mkoani Dodoma, aliwajua vizuri hao walioachwa. Katika watoto 130 wa Tanzania waliochunguzwa kwa vidonda kwenye kioo cha jicho, zaidi ya theluthi walikuwa wametoka kuugua surua. Baadhi waliumizwa na dawa za kienyeji walizotiwa machoni, lakini kwa wengi kilichopungua ni vitamini A. Ndiyo inayoliwezesha jicho kuona gizani na kuufanya utando wake ubaki na unyevu. Surua huimaliza akiba iliyoko kwenye ini, tena wakati mtoto anaharisha na hataki kula. Kioo hukauka, hulainika, hupasuka.

Wakati huo huo Mmarekani Alfred Sommer, naye daktari wa macho, alikuwa na habari ya ajabu kutoka Indonesia. Mwaka 1983 alitangaza kwamba watoto wa huko wasioona vizuri usiku, au wenye mabaka ya povu kwenye weupe wa jicho, walikufa mara nne zaidi ya wenzao. Wengi walimtilia shaka. Vitamini ya macho na kifo wapi na wapi?

Mvumi walikuwa na wodi ya surua ya kulijibu swali hilo. Watoto 180 waligawanywa kwa bahati nasibu: 88 walipewa vitamini A, uniti 200,000 siku ya kulazwa na nyingine kesho yake, na 92 wakatibiwa kwa kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987. Waliopewa walikufa 6, wasiopewa 12. Watakwimu wangesema tofauti hiyo haitoshi, na ni kweli. Lakini kwa walio chini ya miaka miwili, alikufa 1 upande mmoja na 7 upande wa pili.

Mwaka huo huo WHO na UNICEF walishauri watoto wenye surua wapewe vitamini A popote inapopungua. Cape Town walirudia jaribio mwaka 1990: kati ya watoto 12 waliofariki, 10 hawakuwa wameipata.

Leo Tanzania matone ya vitamini A hutolewa Juni na Desemba, surua iwepo isiwepo. Muuguzi hukata ncha ya kidonge kwa mkasi, cha buluu kwa wasiotimiza mwaka, chekundu kwa wakubwa wao, akakikamulia mdomoni.