Simba Mwene na Desturi za Simba

Zamani mtawala wa Usambara, aliyekaa Vugha, aliitwa Simba Mwene. Kwa nini Washambala walimwita mfalme wao kwa jina la mnyama mkali?

Wazee husimulia ya kuwa Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, alipokuwa safarini kwenda Vugha alimwua simba usiku, watu wakastaajabia ushujaa wake. Habari zake aliziandika Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi. Basi jina la simba likawa la heshima, kwa maana simba hulinda nchi yake.

Lakini na tumtazame simba mwenyewe. Mtu akishuka kutoka milima yetu ya Lukozi mpaka nyika ya Mkomazi, huingia katika nchi ya simba. Simba hukaa kwa jamaa. Majike ni mama, binti na dada; hao ndio wawindao zaidi, tena hunyonyeshana watoto. Dume hulinda mipaka kwa ngurumo, nayo husikika hata kilometa 8. Walakini ulinzi wake haudumu. Mara nyingi, baada ya miaka michache, huja madume wageni wenye nguvu, wakamfukuza. Nao wakiisha kushika mahali pake huwaua watoto wachanga, ili majike wawazalie wao upesi. Hivyo wakubwa hupigana, na wadogo huangamia.

Mambo kama hayo yaliipata Usambara. Kimweri ye Nyumbai alifariki mwaka 1862, na mjukuu wake Shekulwavu akatawala Vugha. Lakini Semboja, mwana wa Kimweri, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara, alikuwa na bunduki nyingi, akamfukuza. Wakilindi wakapigana wao kwa wao miaka mingi. Raia wakakamatwa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Wadachi walipokuja waliikuta nchi imegawanyika, na mwaka 1895 wakamnyonga Mputa, mwana wa Semboja, aliyekuwa mtawala wa Vugha.

Simba hana lawama, maana hufuata tabia aliyoumbiwa. Sisi tumepewa akili na amri za Mungu. Kitabu cha Mithali humfananisha mtawala mwovu na simba angurumaye. Basi kila mwenye mamlaka, awe mzazi, mwalimu au mzee wa kanisa, asijipime kwa ngurumo yake, bali aulize: Je, wadogo walio chini yangu wamelala salama?