Namba kubwa ndio sauti nzuri? Kisa cha slufay ya babu

Nimekuwa kimya, mnisamehe, testi zilinibana. Leo ni historia kidogo, maana juzi hapa hosteli tumebishana mpaka saa saba usiku. Jamaa wa chumba cha pili anasema muziki wa biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde ni mtamu kuliko CD, na asiyesikia tofauti akapimwe masikio. Nikacheka, halafu nikanyamaza. Nitawaambia kwa nini.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1937 Mwingereza Alec Reeves, akiwa kazini Paris, alibuni njia ya kuigeuza sauti kuwa namba. Unaipima mara nyingi kila sekunde, hizo ndizo sampuli; biti ndizo zinaamua kila kipimo kiandikwe kwa usahihi gani. Mwaka 1949 Mmarekani Claude Shannon akaweka hesabu wazi: unapata mitetemo mpaka nusu ya sampuli zako, basi. Simu zikaridhika na 8,000, maana maongezi yanaeleweka. CD ilipotoka mwaka 1982 ikaja na 44,100 na biti 16. Sikio la binadamu linaishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, kwa hiyo hapo inatosha na chenji inabaki.

Mwaka 2007 Meyer na Moran wa Marekani walitoa matokeo ya kuwasikilizisha watu rekodi za namba kubwa, na zilezile zikiwa zimeshushwa kuwa za CD. Waliopatia ni karibu nusu, sawa na kurusha shilingi. Jamaa yangu kwisha kazi!

Lakini ngoja. Likizo moja kule kwetu Mbulu, babu alikubali nimrekodi akitoa slufay, ile sala ya kishairi ya sisi Wairaqw, mzee anaongoza na wengine wanaitikia. Nikabonyeza simu bila kuangalia mipangilio. Kumbe ilikuwa inachukua sampuli 8,000! Kiiraqw kina "sl", hewa inapita pembeni mwa ulimi, na kina "s" ya kawaida. Tofauti zao nyingi ziko juu ya mitetemo 4,000. Kwenye rekodi yangu zote ni "fff" tu. Hata neno slufay lenyewe halijulikani. Na babu ameshatangulia, siwezi kumwambia arudie.

Kinachouma zaidi, kuna kaseti yake ya zamani, ina mvumo kama mvua kwenye bati, lakini "sl" unaisikia safi.

Kwa hiyo namba zina maana, ila sio pale jamaa anaposema. Chini sana ya CD unapoteza maneno. Juu ya CD msikilizaji haongezewi kitu cha maana. Biti 24 zinamfaa anayerekodi: mzee anaanza taratibu, mara anapaza sauti, wewe umeacha nafasi juu na sauti ndogo haijazama kwenye kelele. Ndio maana chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinashauri kanda za zamani zihamishwe kwa biti 24 na sampuli zisizopungua 48,000.

Wenzangu wa Mbulu, Dongobesh na Haydom, na nyie Wabarbaig wa Katesh: likizo ikifika, fungueni mipangilio ya simu kwanza, wekeni 44,100 au 48,000, ndipo mkae na wazee. Kubishana tutabishana tukirudi.

Nawasilisha. Tupo pamoja.