Mnara wa Leith Hill

Waingereza wana jina la ajabu kwa majengo fulani ya zamani: huyaita "upumbavu". Si kanisa, si ngome, si nyumba ya kukaa. Ni mnara tu ao kibanda cha mawe, ambacho tajiri alikijenga juu ya kilima kwa kuwa alipenda hivyo. Nayo ni mengi katika nchi yao. Wasomaji, tutazame moja, mnara wa Leith Hill katika jimbo la Surrey, kusini ya London. Je, jina hilo linaufaa?

Bwana Richard Hull, aliyekuwa zamani mjumbe katika Bunge la Irlandi, alikuwa na nyumba yake chini ya kilima hicho. Kilima kina futi 965, ndiyo metri 294. Mwaka 1765 akajenga juu yake mnara wenye vyumba viwili. Watu husema alitaka kilele kipite futi 1,000. Huenda ni kweli. Lakini juu ya mlango aliandikisha maneno ya Kilatini, kumwambia msafiri kwamba hakuujenga kwa furaha yake peke yake, bali kwa ajili ya jirani zake na watu wote. Tena akaweka darubini ndogo ndani, kusudi kila mgeni aone mbali. Kwangu mimi, darubini zile zina neno kubwa kuliko hesabu ya futi.

Alikufa mwaka 1772, akazikwa chini ya mnara wenyewe, kama alivyoagiza. Wengine husimulia kwamba alizikwa kichwa chini, miguu juu. Lakini aliyezikwa hivyo ni mtu mwingine, Bwana Peter Labilliere, mwaka 1800, katika kilima cha Box Hill kisicho mbali na pale. Masimulizi hupenda kuhama kilima.

Hull alipokwisha kufa, nani autunze mnara? Ukaachwa. Milango na madirisha yakang'olewa. Karne ile ya 18 ilipokuwa ikiisha, tajiri mwingine, Bwana Perrin, aliutengeneza kwa namna yake: aliuongeza urefu kidogo, lakini sehemu ya chini akaijaza mawe na simenti, akaziba mlango. Kuta zikapona kweli. Lakini mnara uliojengwa ili watu wapande, ukawa nguzo tu ya kutazamwa toka chini. Ukakaa hivyo miaka zaidi ya 60.

Mwaka 1864 Bwana William John Evelyn, mwenye mashamba ya Wotton, alitaka kuufungua tena. Wafanyakazi wake wakapiga, wakachimba, simenti ikawashinda. Basi wakaacha kushindana nayo. Wakajenga kando yake mnara mwembamba wenye ngazi ya kuzunguka, ulioshikamana na ule wa kwanza, na watu wakapanda kwa njia hiyo. Atazamaye leo aona mara moja kwamba ngazi ile haikuwa katika shauri la Bwana Hull.

Mwaka 1923 mnara ulitolewa kwa chama cha National Trust, nacho kikautengeneza tena mwaka 1984. Wageni hupanda ngazi ya Evelyn mpaka leo. Juu kabisa ni futi 1,029, na siku ya anga safi macho hufika London upande wa kaskazini, na bahari upande wa kusini.