Mtukutu na Malezi ya Akili katika Nyanda za Juu za Kusini

Neno mtukutu latokana na kitenzi tukuta, ambacho maana yake ni kuhangaika bila utulivu. Shuleni, hata hivyo, neno hilo limechukua maana ya ukaidi, hata mtoto asiyeweza kutulia hudhaniwa kuwa hataki kutulia. Mchanganyiko huo wa maana una historia yake, na Mbeya na Iringa ni mahali pafaapo kuitazama.

Mwaka 1902 daktari George Still alitoa mihadhara mjini London juu ya watoto ambao, ingawa akili zao zilikuwa timamu, hawakuweza kujizuia. Hali iliyo karibu na hiyo siku hizi hutambuliwa kuwa kasoro ya ukuaji wa ubongo, yenye upungufu wa umakini, pupa na kuhangaika kupita kiasi. Haitokani na malezi mabaya. Lakini uzito wake huonekana zaidi au kidogo kwa kadiri ya kazi ambayo mtoto hutakiwa kuifanya.

Zamani kazi hiyo haikuwa kukaa kitako. Monica Wilson, aliyewachunguza Wanyakyusa wa Rungwe pamoja na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, alieleza katika kitabu chake cha 1951 kwamba mvulana alianza kuchunga ng'ombe apatapo miaka sita hivi. Alipofika miaka 10 au 11 aliwaachia wadogo malisho, akalima shamba la baba yake, akalala katika kijiji cha wavulana wa rika lake. Ukwangala, yaani kukaa na wenzi kwa mazungumzo na chakula, ulihesabiwa kuwa njia ya kupata amahala, ndiyo hekima. Mchungaji aliyezubaa aliliona kosa lake mara moja, ng'ombe walipoingia shambani.

Huko Malangali, katika Iringa, shule iliyofunguliwa 1928 chini ya W. B. Mumford ilijaribu kuunganisha darasa na mila za Wahehe, Wabena na Wasangu: wazee walifundisha, na ngoma na kutupa mkuki vikawa sehemu ya mafunzo. Jaribio hilo halikudumu. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa 1977 uliwaleta watoto wengi zaidi darasani, na kanuni za 2002 ziliweka viboko visizidi vinne. Idadi ilipunguzwa, swali la kuweza na kutaka halikuulizwa.

Mafunzo ya kisaikolojia ya leo huanzia katika swali hilo. Mtoto hupewa agizo moja kwa wakati mmoja, kazi hugawanywa vipande vidogo, sifa hutolewa papo hapo, naye hufundishwa kuitaja hasira kabla ya kuitenda. Mazoezi ya kumbukumbu peke yake huboresha zaidi zoezi lenyewe kuliko mwenendo wa darasani. Hivyo wazazi na walimu nao hufunzwa, ili msaada umfikie mtoto pale anapoishi.

Haifai kusema kwamba malisho yaliponya. Wengine huhitaji dawa, na vijiji vya rika vilikuwa vya wavulana tu. Hata sasa msichana anayezubaa kimya ni rahisi kusahauliwa. Lakini historia hii yaonyesha kwamba umakini ulipata kufundishwa kwa kazi na kwa wenzi. Wataalamu wa lugha nao wana sehemu yao: kuipatia hali hii jina lisilo na lawama, kwa maana mwalimu humwadhibu mtoto kwa jina alilokwisha kumpa.