ULE MSTARI MWEKUNDU WA MALARIA NI DHAHABU (Sehemu ya 3)

 

Leo tuongelee mRDT, kile kipimo kidogo cha malaria. Mtoto anachomwa kidole, tone la damu linawekwa, tunasubiri mistari. Hivi unajua ule wekundu unatoka wapi? Ni dhahabu! Dhahabu ya kweli, ila chembe zake ni ndogo mno: panga kama 200 ndipo zifikie upana wa seli moja nyekundu ya damu. Zikiwa ndogo hivyo hazing'ai njano, zinakuwa nyekundu. Michael Faraday wa London alilieleza jambo hilo mwaka 1857.

Lakini dhahabu peke yake haiijui malaria. Inahitaji kingamwili, yaani askari wa mwili anayemtambua adui mmoja. Mwaka 1975 kule Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyochoka kuzaliana. Wakazikuza maabara, zikawa zinatoa kingamwili za aina moja tu, bila kukoma. Mwaka 1984 wakapewa tuzo ya Nobel.

Kingamwili za namna hiyo zinabandikwa kwenye dhahabu. Zikikutana na protini ya vimelea vya malaria zinainasa, zinakwenda nayo hadi kwenye mstari, dhahabu inajikusanya pale, nawe unaona wekundu.

Kwa nini nakusimulia haya? Kwa sababu zamani homa ya mtoto ilikuwa malaria tu, basi. Darubini ilikuwa mbali, mtoto anapewa klorokwini. Vimelea vikaizoea, na mwaka 2001 Tanzania ikaacha kuitumia kama dawa ya kwanza. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri kila anayedhaniwa ana malaria apimwe kabla ya dawa. Zahanati isiyo na umeme ingewezaje? Kwa kipimo hiki.

Kwa hiyo mama, ukiambiwa "hana malaria", usione umenyimwa dawa. Usipitie duka la dawa kununua dawa mseto. Muulize mhudumu: sasa homa hii ni ya nini? Inaweza kuwa nimonia, au maambukizi ya mkojo.

Na jambo la pili: mtoto akishamaliza dozi na kupona, mstari unaweza kuendelea kuonekana kwa wiki kadhaa, maana ile protini inachelewa kuisha kwenye damu. Usirudie dozi kwa sababu ya mstari tu. Homa ikirudi, mlete, tumwangalie kwa darubini.

Akipumua kwa shida, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, usisubiri kukuche. Mlete usiku huohuo, iwe amepimwa au hajapimwa.

Mtumie na jirani asome. Sehemu ya 4 inakuja.