Barsirian Arap Manyei, Mfungwa wa Miaka 40

Tunamkumbuka Yusufu, aliyesahauliwa gerezani miaka miwili na mnyweshaji wa Farao. Leo tumtazame mtu wa nchi yetu hii aliyefungwa miaka zaidi ya 40.

Barsirian Arap Manyei alikuwa mwana wa Koitalel Arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, aliyeipinga reli ya Waingereza. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, naye Meinertzhagen akampiga risasi. Mwana akarithi cheo cha baba pamoja na machozi ya watu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wanandi walinyang'anywa ardhi zaidi ili wapewe askari wazungu. Kodi ikapanda, vijana wakashurutishwa kufanya kazi, na karantini ikazuia ng'ombe kuuzwa.

Mwaka 1923 watu walijiandaa kwa Saget ab Eito, sherehe ya kizazi kukabidhi madaraka kwa kizazi kingine. Serikali iliogopa kwamba ni maandalizi ya vita. Ikaipiga marufuku, ikamkamata Manyei na kumpeleka mbali. Alifunguliwa mwaka 1964, Kenya ikiwa imekwisha pata uhuru, akafariki mwaka 1974. Nelson Mandela, ambaye dunia yote yamjua, alifungwa miaka 27.

Nasi wa Kericho na Bomet tusidhani hayo ni ya Nandi tu. Kipchomber Arap Koilegen, ndugu yake Koitalel, alikaa kwa Wakipsigis, na mwaka 1914 alihamishwa kwa nguvu. Kisha mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuuondoa ukoo wote wa Talai. Karibu watu 700, pamoja na akina mama na watoto, walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, penye mbung'o. Mtoto mchanga alihukumiwa kwa jina la babu yake. Mwaka 2022 Wakipsigis na Watalai walipeleka mashtaka yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Ndugu zangu, imani ya Orkoiyot si imani yetu. Lakini mkumbukeni Nabothi: kwanza alisingiziwa jina baya, kisha shamba lake la mizabibu likachukuliwa. Mtawala amekwisha ondoka, lakini lile jina baya bado limo vinywani mwetu. Wako wanaolitaja neno Talai kwa kunong'ona. Basi jiulize, kijana wa ukoo ule akija kuposa binti yako, utauliza tabia yake, au utauliza babu yake ni nani? Serikali ya kikoloni iliuliza babu. Mkristo na aulize tabia.

Bwana atupe macho ya kumwona jirani alivyo. Amina.